Vitabu vya Kupimwa kwa Kilo

Sokoni Buguruni karatasi inauzwa kwa kilo. Gazeti la juzi, daftari la mtoto aliyemaliza darasa la saba, risiti za duka lililofungwa, kitabu cha hadithi chenye picha kilichochapwa kabla ya Vita vya Kagera: vyote vinapanda mzani mmoja na kushuka kwa bei moja. Muuza karanga anakunja koni. Muuza mihogo anafungia. Mama wa vitumbua anatandika kwenye beseni ili mafuta yanyonywe. Kazi yangu ni kufika kabla yao. Nanunua vitabu na majarida chakavu, najalidi vinavyojalidika, nauza. Vitabu vya watoto ndivyo ninavyovitafuta kuliko vyote, na ndivyo vinavyoniponyoka kuliko vyote.

Mtu asiyeijua kazi hii anadhani adui ni mchwa. Mchwa wapo, na mende hula gundi ya unga hadi mgongo wa kitabu unaachia. Lakini kitabu cha mtoto kina kifo chake. Mara nyingi ni kijitabu chembamba, kimebanwa kwa pini mbili katikati. Hewa ya Dar ina chumvi na unyevu. Pini inashika kutu, kutu inakula karatasi pembeni yake, jalada linachomoka. Halafu kuna jambo ambalo huwezi kuliona mpaka uwe umevifumua vijitabu hivi mwenyewe: ukurasa wa kwanza na wa mwisho ni karatasi moja iliyokunjwa. Wa kwanza ukiondoka, wa mwisho unaondoka nao. Kwa hiyo vinapotea kwa pamoja jina la mchapishaji, mwaka, jina la mchoraji kama liliwekwa, na mwisho wa hadithi. Vingi vinanifikia vikiwa hivyo. Katikati sungura anakimbia, na hakuna anayejua alichorwa lini wala aliishia wapi.

Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, mambo yalibadilika kwangu kwa haraka. Silaumu marufuku ile. Mitaro ya kwa Mnyamani ilikuwa imezibwa na mifuko, na kila mvua tulikuwa tunalipia. Lakini wafungiaji walianza kununua karatasi kwa wingi, na bei ya kilo ikapanda. Mtoto wa marehemu aliyekuwa anaona uvivu kubeba maboksi ya vitabu hadi mzanini, sasa anakodi bajaji asubuhi ya siku ya pili baada ya arobaini. Nikichelewa kusikia kwamba nyumba fulani ina msiba, nakuta kilichokuwa ndani ya sanduku kimeshachanwa vipande vya kukunjia koni.

Wanaokuja kununua kwangu ni wa aina mbili. Wa kwanza ni watu wazima wanaotafuta walichosomea. Wanataka Tujifunze Lugha Yetu, wanataka hadithi waliyoikariri, na wanalipa vizuri. Wa pili ni watu wa vyuo, wanaotafuta ushahidi. Hawa nawaheshimu, kwa sababu wamegundua kwamba historia imo pia katika kitabu cha darasa la pili, katika katuni, katika kanga na kalenda ya ukutani. Shida ni namna wengi wao wanavyokisoma kitabu.

Kijana mmoja alikuja na simu nzuri ya kupigia picha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimeambiwa una vitabu vya enzi za ujamaa."

Nikamtolea kitabu cha kusoma chenye picha ya kijiji: nyumba za bati zimepangwa mstari ulionyooka, trekta shambani, zahanati, mtoto mwenye viatu, mama ana kibuyu, baba ana gazeti. Akapiga picha ukurasa ule na kuniambia sasa ana ushahidi wa jinsi vijiji vilivyokuwa. Nikamwambia ana ushahidi wa jinsi mchoraji alivyoagizwa vijiji vionekane. Kwa miaka mingi, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, vitabu vya shule vilikuwa mikononi mwa serikali. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, na Elimu ya Kujitegemea iliyotangazwa mwaka huohuo, picha ya kitabu cha mtoto ilikuwa na kazi ya kufanya. Ilitakiwa imwonyeshe mtoto nchi inakokwenda. Trekta lile halikuwa la uongo, wala halikuwa kumbukumbu ya shamba fulani. Lilikuwa ahadi, na ahadi nayo ni jambo la historia, ila lazima ulisome kama ahadi.

Mfano ambao kila Mtanzania wa rika langu anaujua ni hadithi ya Kibanga aliyempiga mkoloni. Tuliisoma shule ya msingi. Mpaka leo mtu wa miaka hamsini anaweza kusimama barabarani akakusimulia mkoloni alivyoangushwa. Wapo waliokuja kwangu kuulizia kitabu ili wathibitishe Kibanga alikuwa wa mkoa gani. Ukitaka kujua utawala wa Mwingereza ulivyokuwa, nenda kwenye majalada ya Kumbukumbu za Taifa, au kamtafute mzee aliyelipa kodi ya kichwa. Hadithi ya Kibanga inakueleza habari nyingine: nchi huru ilitaka watoto wake wautazame vipi ule wakati, na ilifaulu vizuri kiasi gani. Kufaulu huko kunaonekana katika namna watu wanavyoisimulia bila kitabu. Kwangu hilo lina uzito kuliko kumpata Kibanga mwenyewe.

Yule kijana nilimwomba afunue ndani ya jalada, lililokuwa bado limeshika upande mmoja. Palikuwa na majina matano, yote ya mwaka mmoja, kalamu tofauti, mwandiko tofauti. Watoto watano wa dawati moja, au wa madawati mawili yaliyosogezwa, walikuwa na kitabu kimoja. Baada ya serikali kutaka kila mtoto aliyefikia umri aingie darasa la kwanza kuanzia 1977, madarasa yalifurika na vitabu havikutosha. Taarifa za wizara zinaweza kukwambia vitabu vingapi vilichapwa. Majina yale yanakwambia kitabu kilikaa katikati ya nani na nani, na aliyekaa pembeni alisoma akitazama maneno kwa upande.

Hiki ndicho ninachotaka watu wakisikie. Kila kitabu cha mtoto kina maandishi ya aina mbili. Yapo yaliyochapwa, ambayo ni sauti ya wakubwa: mwandishi, mhariri, chama, misheni, mfadhili. Yapo yaliyoongezwa na mikono ya watoto, na hayo hayamo katika maktaba yoyote. Bodi ya Huduma za Maktaba hupokea nakala za vitabu vinavyochapwa nchini kwa mujibu wa sheria, na Maktaba Kuu pale mjini, iliyofunguliwa Desemba 1967, imehifadhi vingi. Nashukuru kwa hilo. Lakini nakala iliyopelekwa kwa mujibu wa sheria ilitoka kiwandani ikaenda rafuni. Haikuwahi kushikwa na mtoto. Ile iliyoshikwa ndiyo inayopimwa hapa kwa kilo.

Niwape vichache nilivyoviona kwa macho yangu.

Kitabu kimoja kina picha ya kijana wa kijijini, kaptura na jembe begani, uso mkakamavu. Mtoto amechukua kalamu ya wino wa buluu akairefusha kaptura mpaka chini, akaitanua ikawa suruali ya bugaluu kamili, halafu akamvisha viatu vya raizoni. Chini ya viatu kapiga mstari, nadhani ili visogee juu zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 1969 Operesheni Vijana ya Umoja wa Vijana wa TANU ilianza rasmi kupiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na hotuba za wakati ule utazipata kwenye magazeti. Ukitaka kujua vijana wadogo walitamani nini miaka michache baadaye, suruali ile ya wino wa buluu ni shahidi mzuri kuliko hotuba.

Kingine kimeandikwa pembeni "Sunderland" kwa herufi kubwa. Mwandiko mwingine umekata ukaandika "Simba". Klabu ile ya mpira ilibadilisha jina mwaka 1971. Kitabu chenyewe hakina jalada wala mwaka, lakini sasa najua kilikuwa mikononi mwa mtoto kabla ya hapo na kiliendelea kusomwa baada yake, labda na mdogo wake.

Cha tatu hakikuwa cha watoto, ingawa kilikutwa katikati ya vitabu vyao: kijitabu cha kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu karibu milioni mbili walikusanyika vikundi vikundi kusikiliza redio na kusoma pamoja. Wataalamu wameandika sana kuhusu kampeni ile. Nakala niliyoipata ina vipimo vya shimo kwa penseli, urefu, upana na kina, na chini yake hesabu ya miti. Mtu alisikiliza, akakata shauri, akachimba choo. Sijawahi kuona ripoti inayonishawishi kama penseli ile.

Kingine kina picha ya sherehe, na sahani ya wali imechorwa katikati. Ukurasa huo umechakaa kuliko kurasa zote, na mahali pa sahani wino umefifia kwa vidole. Siwezi kusimama mbele ya mtu nikamwambia huu ni ushahidi wa njaa. Mtoto aliyeshiba naye anapenda picha ya wali. Lakini ningejua kitabu kilitoka nyumba gani, na nani alikisoma mwaka gani, ningeweza kumwuliza mtu. Ndiyo maana nikinunua nauliza kwanza, kabla ya bei: hiki kilikuwa cha nani, alisoma shule gani, nyumba iko upande wa Malapa au Rozana? Muuzaji anadhani nataka kumpunja. Naandika jibu kwa penseli laini kwenye kipande cha karatasi na kukichomeka ndani. Kitabu kilichopitia mzanini kimeshapoteza majibu hayo yote, hata nikikiokoa kizima.

Kwa visivyo na mwaka tuna mbinu zetu. Bei nyuma ya jalada, kama lipo: shilingi chache na senti ni enzi moja, mamia ya shilingi ni enzi nyingine. Bendera ya TANU maana yake kabla ya Februari 1977. Ramani yenye jina Zaire iko kati ya 1971 na 1997. Ramani isiyo na Mkoa wa Manyara ni kabla ya 2002, isiyo na Geita, Katavi, Njombe na Simiyu ni kabla ya 2012. Karatasi yenyewe husema: ile ya kahawia inayovunjika ukiikunja ni ya miaka ya dhiki, waliochapa walichukua iliyopatikana. Lakini mbinu hizi hukupa mwaka wa kuchapwa tu, na vitabu vyetu vilichapwa upya na upya. Hekaya za Abunuwasi zimesomwa na babu, baba na mjukuu. Anayeona vazi kwenye picha ya namna hiyo akasema "hivi ndivyo walivyovaa mwaka ule" anaweza kuwa amekosea kwa miongo mizima.

Katuni nazo zina habari yake. Uhuru lilikuwa gazeti la chama, na humo Chakubanga wa Christian Gregory alipata nafasi ya kusema ya mtaani ambayo ukurasa wa kwanza haukuyasema. Nakala zake nzuri kabisa nilizipata ukutani: nyumba ya udongo ilibomolewa, na ndani magazeti yalikuwa yamebandikwa kwa uji kuzuia vumbi. Nilizibandua kwa maji ya uvuguvugu, polepole, nyingine zikakubali, nyingine zikageuka uji tena. Jarida la Sani lina mateso zaidi. Lilianzishwa miaka ya 1970 na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na jina la jarida limetokana na majina yao. Lilichapwa kwa karatasi ya gazeti na likasomwa na mtaa mzima. Nakala moja ilizunguka kijiweni, saluni, kwenye foleni ya maji, ikarudi haina jalada. Karatasi ile ina tindikali ndani yake. Hata ukiifungia kabatini inageuka manjano, halafu kahawia, halafu inamumunyuka kingo. Gundi haisaidii. Kwa Sani lisilo na jalada natazama mkono wa mchoraji. Philip Ndunguru, aliyewapa uhai Ndumilakuwili na Lodi Lofa, alifariki mwaka 1986 akiwa kijana bado, na wachoraji wengine wakaendelea na wahusika wale. Jicho lililozoea linaona tofauti ya mstari, na hapo unajua nakala iko kabla au baada.

Watu wa chuo hawaombi sana majarida haya. Wanaona ni upuuzi wa vijana, mapenzi na ulevi. Mimi nawaambia mtu atakayeandika historia ya Dar es Salaam ya miaka ya 1980 bila kumtazama Lodi Lofa, mtu wa mjini asiye na kazi na mwenye maringo, ataandika historia ya maofisini tu.

Miaka ya karibuni walikuja watu wa taasisi moja na mashine ya kuskani. Wazo zuri, nilifurahi. Nikawatolea vitabu vya picha, nakala mbili mbili pale nilipokuwa nazo. Walichagua safi. Zenye majina, zenye michoro ya watoto, zenye doa la chai, waliziweka pembeni. Palipokuwa na nakala moja tu, kijana wa kompyuta alizikata pambizo na kufuta mistari ya kalamu kwa programu mpaka picha ikawa kama ilivyotoka kiwandani. Niliuliza kwa nini. Akanijibu kwa adabu kabisa: "Mama, tunaondoa uchafu." Faili zile sasa zipo, na zitadumu. Suruali ya wino wa buluu haimo. Nilimwomba mkubwa wao watunze pia picha za kurasa kabla ya kufutwa, akasema nafasi ni ndogo.

Mteja mmoja mwalimu wa chuo, ambaye anaelewa, aliwahi kuniachia kwa wiki kadhaa kitabu cha Johannes Fabian kuhusu mchoraji wa Lubumbashi, Kongo, Tshibumba Kanda-Matulu. Mwaka 1973 na 1974 Tshibumba alichora historia ya nchi yake, picha zaidi ya mia moja, na kuzieleza moja baada ya nyingine kwa Kiswahili cha kwao. Picha za namna hiyo watu wa kawaida walizinunua na kutundika sebuleni. Fabian hakuchukua picha peke yake. Alirekodi maneno ya mchoraji, na maswali, na mabishano. Mwalimu yule aliniambia niweke kando yake Tintin, kijana wa katuni aliyepelekwa Kongo na Mbelgiji Hergé mwaka 1930 na 1931, kitabu cha watoto kilichochorwa na mtu ambaye hakuwa amefika Kongo. Mwaka 2012 mahakama ya Ubelgiji ilikataa ombi la Mkongo aliyetaka kizuiwe. Kitabu kile hakina Kongo ndani yake, lakini Brussels ya wakati ule imo tele, na mwanahistoria anaweza kuichota. Nilipokuwa nakifunga kitabu cha Fabian nilikuwa nafikiria vipande vyangu vya karatasi vya penseli, kwamba ni vidogo mno, na kwamba nilipaswa kupewa msaidizi na kinasa sauti.

Mafuriko ya Desemba 2011 yalichukua vitu ambavyo sitavipata tena. Waliokuwa bondeni mwa Msimbazi walipoteza watu, na mbele ya hilo sikuthubutu kusema habari ya vitabu. Wiki zilizofuata watu walianika mali zao kando ya barabara, na katikati ya magodoro na sufuria niliona vitabu vya watoto vimevimba, kurasa zimegandana kuwa tofali. Kitabu kilicholowa kikikaukia juani kikiwa kimefungwa kimekwisha. Kinatakiwa kivuli, upepo, na karatasi kavu kati ya kurasa, ubadilishe kila baada ya saa chache. Nani angekuwa na muda huo, wakati hana pa kulala?

Vitabu vya watoto vya sasa vina rangi nzuri na jalada gumu linalong'aa. Nafurahi kwa ajili ya watoto. Lakini shule nyingi zinawaonya wasiandike humo kabisa, na jalada lile halishiki kalamu. Sijui wajukuu wetu wataachia wapi michoro yao.

Kama una boksi la vitabu vya wazazi, usilipeleke mzanini kabla hatujaonana. Niko upande wa soko, ulizia fundi wa vitabu. Nitakulipa zaidi ya bei ya kilo, hata kwa kisicho na jalada. Usikifute, usikioshe, usichane ukurasa wenye majina kwa kuona aibu. Doa liache. Pini yenye kutu usiing'oe kwa kisu, nitaitoa mwenyewe. Na njoo na mtu mzima wa nyumba hiyo anayekumbuka nani alisoma nini, kwa sababu nitakuwa na maswali mengi na penseli mkononi.